Kikombe cha Chiriku

Jumatatu, 4 Machi

Tumerudi kutoka kliniki. Miguu imevimba, hasira imevimba zaidi.

Tangu asubuhi kwenye lile benchi. Chiriku kaniegemea bega, kalala. Mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu analala kwenye benchi la watu kama kitoto kichanga. Zamani huyu angekuwa ameshajua habari za benchi zima – nani anaumwa nini, nani kaachika, nani anamdanganya nesi. Ndiyo maana tangu mdogo tukamwita Chiriku. Sasa hasemi. Tangu walipomtoa lile rovu shingoni, sauti ipo, maneno ndiyo hayapo. Walituambia wametoa na tezi yenyewe, kwa hiyo kila asubuhi ameze kidonge cha kufanya ile kazi ya tezi. Maisha yake yote. Sisi nyumbani tunakiita kidonge cha shingo.

Daktari hakumwangalia. Kaangalia karatasi ya damu. Kisha kompyuta. Kisha simu yake. Akasema kipimo cha tezi kwenye damu kiko chini. Alishampandisha kutoka kidonge cha mia kwenda mia na hamsini, bado kiko chini. Halafu akasema, Mama, huyu binti hamezi dawa.

Nikasema anameza.

Akasema hamezi.

Nikamwambia nasimama mbele yake mimi mwenyewe, naona koo linavyoshuka. Akasema wengi huficha chini ya ulimi, wakigeuka wanatema. Nikamuuliza, wengi nani, daktari? Mimi nimekuletea mmoja.

Akasema damu haidanganyi.

Na mimi nadanganya? Hapo sauti ikanipanda. Mlango uko wazi, benchi zima linasikiliza. Nikaapa. Nikasema kama mwanangu amewahi kukosa kidonge hata siku moja, basi mimi si mama, mimi ni kisiki. Chiriku ananivuta mkono wa gauni. Daktari kaandika kwenye faili, hata kichwa hakuinua. Kijana yule – kwa umri wake ningeweza kumzaa.

Tulipotoka Chiriku kanisomea alichoandika. Mgonjwa hatumii dawa ipasavyo.

Kidonge kimepanda tena. Mia mbili. Turudi mwezi wa sita.


Jumanne, 5 Machi

Sikulala vizuri kwa ajili ya yale maneno. Hatumii ipasavyo.

Leo nimemkazia macho zaidi. Kama kila siku – maziwa ya moto kikombe kizima, mkate, halafu kidonge cha shingo pamoja na kile chekundu cha kuongeza damu. Vyote vinateremka kwa maziwa. Dawa haiendi kwenye tumbo tupu, inachoma. Mimi nimelelewa hivyo na nimewalea wanangu hivyo. Nikamwambia fungua mdomo. Inua ulimi.

Akafungua. Akasema, Mama, unanikagua kama mlinzi wa getini.

Nikacheka. Kisha nikaona jinsi alivyoshika kikombe kwa mikono miwili, vidole vimejaa, uso umevimba, nikaacha kucheka.


Ijumaa, 8 Machi

Kazini kwa dobi joto. Pasi ya mvuke imeharibika tena, tumerudi kwenye zile nzito. Leo ni siku ya makoti ya kliniki. Yanaingia Jumatatu machafu, Ijumaa bosi anayapeleka mwenyewe kwenye gari lake, yananing'inia kwenye hanga kama watu wasio na vichwa.

Nikakuta la yule daktari. Jina limeshonwa kwa uzi wa bluu juu ya mfuko. Nikalitandika ubaoni, nikasimama nimeshika pasi.

Shoga yangu wa meza ya pili akachungulia. Huyo ndiye wako? Mchome kidogo kwapani, akiinua mkono akukumbuke.

Tulicheka mpaka bosi akakohoa.

Sikumchoma. Nimelinyoosha kuliko yote, kola imesimama kama karatasi. Sijui kwa nini. Labda ili akilivaa awe na adabu.


Jumatano, 13 Machi

Mwenye saluni anakosuka Chiriku kanipigia simu kazini. Nilijua tu.

Chiriku kalala amesimama. Kashika kitana, kichwa cha mteja kiko mbele yake, yeye kafumba macho. Mteja anaongea peke yake muda wote, akidhani anasikilizwa. Alipogundua, akainuka. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Kafunga kitambaa, kaondoka, kasema harudi.

Mwenye saluni si mtu mbaya. Aliniambia kwa upole – mama, mimi nampenda huyu mtoto, ana mkono mzuri kuliko wote hapa, lakini viti vyangu si vitanda.

Nimemkuta kajikunyata kwenye kochi na sweta mbili. Jua kali nje. Nikamuuliza, baridi? Akatikisa kichwa ndiyo. Nikamuuliza, unasikia njaa? Akatikisa hapana. Nikakaa chini karibu na miguu yake nikaisugua. Ngozi imekauka inatoa unga. Nilikuwa naongea mimi, naongea, naongea, ili nyumba isinyamaze. Nilijisikia kama nimechukua kazi yake.


Jumamosi, 16 Machi

Siandiki vizuri leo.

Vile vya mia na hamsini vimeisha, na vya mia mbili havipo kliniki. Wakatuandikia tukanunue. Nikaenda lile duka la dawa la kona, kuna dada pale mwenye miwani, haongei sana. Kaangalia cheti. Akasema, mia mbili ni dozi kubwa. Anameza na nini?

Mimi nikajibu kwa kifua mbele. Na maziwa ya moto, na mkate, tumbo likiwa limeshapata kitu. Na cha damu papo hapo asisahau.

Akaweka chini vidonge. Akavua miwani.

Akasema, Mama, maziwa yanakishika hicho kidonge. Na kile chekundu cha damu kinakishika zaidi. Kinapita tumboni kinatoka, mwilini kinaingia kidogo tu. Kinataka maji matupu, tumbo tupu, akae hata saa moja ndipo ale. Kile chekundu umpe jioni.

Nikamuuliza, una uhakika? Kama mjinga.

Akasema ndiyo. Akasema nikamwambie daktari wetu. Nyuma yangu watu wamepanga mstari, mmoja anakohoa, akaniwekea vidonge kwenye mfuko akaita anayefuata.

Nimetembea mpaka nyumbani sioni njia. Kila asubuhi. Tangu alipotoka hospitali na kovu lake bado bichi. Mimi ndiye niliyekuwa nachemsha, mimi ndiye niliyekuwa nasema kunywa yote mwanangu usibakize. Nilikuwa nampa kwa mkono huu, namnyang'anya kwa mkono huu.

Na sikuulizwa. Daktari hakuniuliza hata mara moja, anameza na nini. Nesi hakuniuliza. Kwenye ile bahasha ya dawa wameandika moja mara moja, basi.


Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia Chiriku. Nilidhani atalia. Akasema polepole, Kwa hiyo umeninywesha maziwa yote hayo kama ndama, na bado sijanenepa vizuri.

Mtoto huyu.

Leo kameza na maji. Glasi ya maji matupu. Nilijisikia kama namnyima chakula. Alikaa saa nzima anaangalia saa ya ukutani, mimi nazunguka jikoni sijui mikono niiweke wapi.

Kumwambia daktari – nitamwambia. Mwezi wa sita tunaenda, nitamwambia. Nimwambie nini lakini? Baada ya kuapa mbele ya benchi zima? Atasema si nilikwambia. Atacheka na nesi wake. Na ataandika tena kwenye faili, safari hii ataniandika mimi.

Muhimu apone. Akipona nani atauliza ilikuwaje.


Jumamosi, 30 Machi

Nimesikia kicheko asubuhi nikadhani ni redio.

Ni Chiriku. Anaongea na simu na rafiki yake, anamsimulia mteja mmoja aliyetaka kusukwa kama mtu wa kwenye picha, na nywele zenyewe hazishikiki hata kwa koleo. Nilisimama mlangoni na ufagio wangu. Sijasikia sauti hiyo tangu kabla ya operesheni.

Uso umeshuka uvimbe. Macho yamefunguka. Sweta kavua. Jana kasuka vichwa vitatu mpaka mwisho, mwenye saluni kanitumia ujumbe wa kicheko na mikono inayopiga makofi.

Nikaenda kazini nikiimba. Shoga yangu kaniuliza, umepata mchumba? Nikamwambia nimepata mtoto.

Siku nzima nimenyoosha mashuka sikuhisi uzito wa pasi.


Alhamisi, 11 Aprili

Nashindwa kujua kama hii ni afya.

Alfajiri nimemkuta anafagia uwanja. Kashaosha vyombo, kafua mapazia. Mapazia! Hakuna aliyemwambia. Nikamwambia pumzika, akasema sichoki mama, mwili unawasha, siwezi kukaa. Anaongea haraka mpaka maneno yanakanyagana. Anaanza hili, analiacha, anaanza lile.

Anakula sana. Lakini gauni lake la bluu linamning'inia.

Na hasira. Jana nilimwomba apunguze redio, akanijibu kwa namna ambayo hajawahi. Baadaye akaja kulia mapajani kwangu. Akasema sijui nini kimeniingia, mama, nasikia kama nimekunywa kahawa ya mtaa mzima.

Nikampapasa mgongo. Umelowa jasho.


Jumatatu, 15 Aprili

Mwenye saluni kamrudisha nyumbani.

Mkono. Safari hii hakulala – mkono unatetemeka. Kitana kimeanguka mara kadhaa, kisha kamchoma mteja shingoni na maji ya moto ya kuchovya nywele. Si kidonda kikubwa, lakini mteja kapiga kelele. Mwenye saluni kasema, mwezi uliopita alikuwa analala, mwezi huu anatetemeka kama simu, mama, huyu mtoto mnampa nini?

Nikamwambia, kidonge cha daktari.

Nyumbani nimemwambia anyooshe mikono mbele. Nikaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ilicheza yenyewe. Nikamwekea sikio mgongoni. Moyo unakwenda kama cherehani iliyokanyagwa na mwendawazimu.

Hapo nikaelewa. Nikakaa.

Yule daktari alipandisha kwa sababu ya maziwa. Hakujua ni maziwa, lakini ni maziwa. Alipandisha mia na hamsini, alipandisha mia mbili, kwa sababu kila anachotoa mimi nakimwaga njiani. Sasa maziwa hayapo. Mia mbili yote inaingia.

Na yeye hajui. Anayejua ni mimi.


Jumanne, 16 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kliniki peke yangu. Nesi wa mlangoni akachukua kadi. Tarehe yenu mwezi wa sita, mama.

Nikamweleza. Anatetemeka, anakonda, moyo unakimbia. Akaniuliza, kazimia? Hapana. Anatapika damu? Hapana. Kifua kinabana? Hapana, kinakimbia. Akasema basi si dharura.

Nikamwomba. Nikamwita mwanangu, nikamwita mama, yote niliyoyajua. Akaona huruma, akaingia ndani kumuuliza. Mlango akauacha wazi kidogo. Nikamsikia daktari. Alisema ni kawaida, mwili ulizoea kukosa dawa, sasa unaizoea, aendelee hivyo hivyo. Halafu akasema kwa kicheko – ndiyo ujue sasa ameanza kumeza.

Nesi akatoka akaniambia. Lile la mwisho hakuniambia, ana heshima.

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Mlango wazi. Ningesema neno moja tu, maziwa. Benchi limejaa kama siku ile. Kuna mama mmoja pale, nina hakika alikuwepo siku niliyoapa, alikuwa ananitazama na mdomo kaukunja pembeni. Nikafungua mdomo.

Nikasema asante. Nikaondoka.

Asante ya nini.


Alhamisi, 18 Aprili

Shoga yangu kaniambia, kata. Kidonge kimoja, kisu, nusu mbili, nani atakuona? Anasema kwao wanakata vya presha kila mwisho wa mwezi.

Nikapita kwa dada wa miwani. Nikamuuliza naweza kukata. Akasema hawezi kubadilisha alichoandika daktari, na mimi pia nisibadilishe, dozi hii si ya kubahatisha. Akaniuliza, ulimwambia kuhusu maziwa?

Nikaangalia zile chupa za dawa ya kikohozi nyuma yake.

Akasema, Mama. Hivyo tu. Mama.

Jioni hii Chiriku ameshika ukuta kwenye mlango wa choo. Kasema dunia imezunguka. Nikamshika, mwepesi, mwepesi mno, niliweza kumwinua kama alipokuwa shule ya msingi. Ile mishipa ya shingo, pale kwenye kovu, inaruka. Inaonekana kwa macho. Akaniambia, mama, moyo wangu unataka kutoka, mwambie akae.

Anatania bado. Midomo imekauka anatania.

Kesho ni Ijumaa. Makoti yanaondoka.


Ijumaa, 19 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilimfuata bosi mapema. Nikamwambia leo makoti nitayapeleka mimi. Akasema una wazimu, makoti yote hayo, kwa miguu? Nikamwambia mgongo wako unauma bosi, tangu Jumatano unaushika. Akanitazama. Akasema haya, ukiyaangusha kwenye tope unayafua mwenyewe na meno.

Nikayafunika na karatasi ya nailoni, nikayabeba mikono miwili mbele kama nimebeba maiti. Nesi wa mlangoni akanifungulia bila hata kuniuliza. Makoti yana njia yake. Mwenye makoti hahitaji kadi wala tarehe.

Daktari alikuwa peke yake, anakula mandazi mawili juu ya faili. Akasema weka pale, bila kuangalia. Nikaweka. La kwake nikabaki nalo mkononi.

Nikasema, daktari, ni maziwa.

Akainua kichwa. Akasema, wapi? Akalichukua koti, akaligeuza, anatafuta doa.

Nikamwambia siyo koti. Mimi ni mama wa yule binti wa tezi, yule uliyeandika hatumii dawa. Anatumia. Nilikuwa namnywesha na maziwa ya moto, pamoja na kile chekundu cha damu. Tangu mwanzo. Mwezi uliopita dada wa duka la dawa kanikataza, sasa anameza na maji, na ile mia mbili yako inamuua.

Nilisema haraka, nisije nikasimama katikati.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, kikakosekana, nikawa sijui pa kutazama. Aliweka andazi chini. Akauliza, cha damu nani alimpa?

Nikasema, wewe.

Akafuta mikono. Akatafuta faili muda mrefu, akalipata, akasoma. Akasoma tena. Naona masikio yake yamekuwa mekundu, au ni mwanga. Nikamsikia moyoni kama mwanangu aliyevunja kitu, nikajichukia kwa kumhurumia.

Kisha akawa daktari tena. Akasema sasa lazima tupime damu kabla ya kugusa chochote. Mashine ya kupimia imeishiwa dawa yake, inakuja Jumatatu. Nimlete Jumatatu asubuhi, moja kwa moja kwake, nisipange mstari. Nikamwambia na mpaka Jumatatu? Akasema aendelee kile kile. Nikamwambia daktari, njoo umwone shingo inavyoruka. Akasema nikibadilisha sasa bila kipimo nitakuwa nabahatisha, na tumeshabahatisha vya kutosha. Asiache. Asikate. Akizimia au kifua kikibana, mlete hapa saa yoyote.

Nikasema nusu tu, daktari. Siku hizi mbili tatu.

Akasema, Mama. Safari hii naomba tufuate nilivyosema.

Safari hii. Ningekuwa na jibu mwezi wa tatu, kabla sijajua.

Nesi akaja kumwita, kuna mtu kaletwa kwenye machela. Akavaa lile koti mbele yangu, kola imesimama, akatoka.

Njiani nilisahau kwenda kazini. Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndipo nikakumbuka.


Jumamosi, 20 Aprili

Naandika nimesimama jikoni.

Usiku Chiriku hakupata usingizi. Asubuhi nimemkuta kakaa kitandani, magoti kifuani, anahesabu mapigo kwa midomo kisha anapotea anaanza upya. Macho yametoka. Nikamshika mkono, unacheza mkononi mwangu kama samaki. Nikamuuliza kifua kinabana? Akasema hakibani mama, kinakimbia tu, kitachoka chenyewe.

Na kikichoka?

Kidonge kiko juu ya kisahani. Kidogo hivyo, hata hakijazi ukucha. Leo kimoja, kesho kimoja, Jumatatu kingine kabla hatujatoka.

Kisu nimekishika, nimekirudisha kwenye droo. Nimesema sitakata. Asiache, asikate. Nimeyashika maneno yake yote, kama alivyoyasema. Akiniuliza Jumatatu, anameza? Nitasema anameza. Kizima? Kizima, daktari, nimesimama mbele yake.

Hakusema kitu kuhusu maziwa.

Najua. Najua alivyosema kuhusu kupima damu. Najua ikipimwa itasema uongo, na nitakuwa nimeufundisha mimi. Lakini damu ni ya Jumatatu, na huyu yuko chumbani sasa hivi, nasikia kitanda kinavyogonga ukuta kwa mtetemo wake.

Kile chekundu nimekitoa kwenye kopo lake la jioni. Nimekiweka kisahanini, pembeni ya mwenzake.

Sufuria imeanza kutoa mvuke. Utando unakunjana juu. Zamani alikuwa ananigombania huo utando, yeye na kaka yake, nikawa nauchana katikati.

Anaita. Anauliza maji yake yako wapi.

Nimesema nakuja.

Yanapanda. Nimepunguza moto. Kikombe chake kiko pale pale rafuni, hakijaguswa tangu siku ile, nimekisuuza.

Kitanda kimenyamaza. Miguu yake iko sakafuni, inakuja.

Anasema, Mama, mbona nasikia harufu ya maziwa?